Misumari Saba ya Wifi

Sufuria ya maharage ilipita juu ya kichwa changu, ikagonga ukuta na kuangukia kwenye ndoo ya maji. Ilikuwa imetoka motoni sasa hivi. Mmoja wa pacha aliungua shingoni, na alama anayo mpaka leo. Kosa lilikuwa chumvi. Kaka yangu alionja kijiko kimoja, akasema hayana chumvi, akarusha, kisha akaenda kunawa mikono kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Ilikuwa Jumanne. Nakumbuka kwa sababu wifi yangu, kabla hata hajampaka mtoto dawa, alitupa jicho kwenye ukuta wa jikoni, kwenye mfuko wa Jumatano. Mtoto analia mpaka sauti inakauka, mama yake anatazama mifuko. Nikasema moyoni, huyu mwanamke hana roho. Leo watu wakinisifu kwa yale niliyoyafanya mwishoni, huwa nawakatiza. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu ulimvunja mtu mbavu.

Wifi alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule. Kutwa nzima alishona kola na mifuko ya kaptula, na mwisho wa mwezi kaka alikwenda mwenyewe kwa mwenye karakana kuchukua mshahara wake. Wifi hakuushika. Alichokishika ni kapu. Kila Jumamosi asubuhi kaka alilibwaga kapu mezani: mchele, maharage, dengu, chupa ya mafuta, vitunguu na chumvi. Hilo ndilo la wiki nzima kwa watu sita. Likiisha Alhamisi, shauri la mke, na sote tulijua shauri hilo lilimalizwa vipi.

Kwa hiyo wifi alipigilia misumari saba kwenye ukuta wa jikoni, na kila msumari akautundikia mfuko alioushona kwa vipande vilivyobaki karakanani. Jumamosi, kapu likishabwagwa, aliketi chini, akanyoosha miguu na kuligawa. Jumamosi na Jumapili maharage. Jumatatu wali na yale yaliyobaki. Jumanne maharage tena. Jumatano dengu, na mifupa inachemshwa mara ya kwanza, Alhamisi inachemshwa mara ya pili, na Ijumaa inapitishwa tu majini ili isijisikie vibaya. Mfuko wa kesho haukuguswa leo, hata aje nani. Ukiugusa umeiba siku, na siku iliyoibwa ilikuwa na kipigo chake mwisho wa wiki. Ndiyo maana mtoto aliungua na yeye akatazama ukuta. Maharage ya Jumanne yalikuwa yanateremka ukutani, na watoto walikuwa hawajala.

Ndani ya kila mfuko kulikuwa na vifungo. Mpishi mara nyingi alikuwa binti yake wa kwanza, mtoto wa miaka kumi tuliyemwita Meneja kwa jinsi alivyotuamrisha. Meneja akitoka shule alishusha mfuko wa siku, akaumimina kwenye ungo, na vifungo vikaanguka pamoja na mchele. Kila kifungo ni mtu, kila mtu sahani moja. Kikubwa cheusi cha koti kilikuwa cha kaka. Cheupe cha wifi, chekundu cha Meneja, viwili vya bluu vya pacha, watoto wa miaka mitano. Cha kijani kilikuwa changu. Mtu akisafiri, kifungo chake kilitolewa kikalala kwenye kiberiti kitupu. Mara nyingine nilimtania wifi, nikamwambia mimi kwa mwili huu nastahili vifungo viwili. Alicheka mpaka akashika ubavu, kama hauumi.

Kaka yangu, kazini walimwita Kilo. Alikuwa mkataji nyama machinjioni. Ungempa pande la ini, akalinyanyua mara moja, akakwambia kilo moja na robo, na mizani ikakubali. Wateja walikuja na watoto wao kuangalia mkono ule. Wenzake walisema mizani ilikuwa pale kwa ajili ya wabishi tu. Mkono huohuo ndio aliokuja nao nyumbani. Alijua kofi la kuvimbisha na kofi la kupasua, na alitoa kwa kipimo. Siku akiwa amefurahi tulipata la kuvimbisha. Na usidhani nyumba ya mtu wa machinjio ilinuka nyama. Nyama aliila hukohuko na wenzake, nyumbani akaleta mifupa, tena iliyokwanguliwa.

Mimi ni mdogo wake. Ndoa yangu iliponishinda nilirudi kwake na sanduku moja, nikapewa kitanda chumba cha watoto. Nafua shuka kwenye nyumba ya wageni, shuka mia kwa siku tukijaa, nazikamua kwa mikono. Sabuni ya nyumba ilikuwa juu yangu. Kaka hakunipiga sana, mara moja moja tu, kwa kupita. Nilijiona mjanja. Niliamini wifi hajui kuishi naye, ana kiburi cha kimyakimya, angejua kubembeleza angepona. Mungu anisamehe, niliamini hivyo miaka mitatu.

Siku moja, jicho lake likiwa limefumba kabisa, nilimuuliza kwa nini haondoki.

"Wifi," akaniambia, huku anatia uzi kwenye sindano kwa jicho lililobaki, "kupigwa nimeshazoea. Watoto kulala njaa sijazoea. Nikiondoka leo, Jumatatu watakula nini?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kabla mimi sijaja aliwahi kutoroka, pacha wakiwa bado wachanga. Alifika mji wa pili, kwa mwanamke aliyejifunza naye ushonaji. Siku ya kwanza walikula walichobeba. Ya pili walikula cha mwenyeji, na mwenyeji mwenyewe ana wake. Ya tatu Meneja alikutwa anatafuna maganda jalalani. Wifi akarudi kwa miguu yake. Kaka alimfungulia mlango, akamtazama kuanzia unyayo hadi utosi, akacheka. "Njaa imekurudisha," akasema. Kisha akampiga kipigo cha mbwa mwizi, mbele ya wanawe, bila haraka. Tangu hapo hakuwa na wasiwasi. Hakufunga mlango kwa kufuli hata siku moja. Kamba yake ilikuwa kapu.

Sasa nieleze jambo ambalo mimi wakati huo sikulijua. Wifi alikuwa anapanga kuondoka tena, na safari hii hakupanga nauli wala maneno ya kuaga. Alipanga chakula. Yule mwenzake alikuwa amefungua duka lake la ushonaji, ana cherehani ya ziada na chumba cha nyuma, na analipa mafundi kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo wifi alihitaji siku kumi na nne za sahani zilizojaa. Siku ya kumi na tano angekula jasho lake. Kila Jumamosi akigawa kapu, alitoa kwenye kila mfuko konzi mbili za mchele na konzi moja ya maharage au dengu. Mifuko saba, kila mmoja umepungua kidogo, ikazaa mfuko wa nane. Wiki moja ya kujinyima ikampa siku moja ya uhuru.

Na mfuko wa nane aliuficha wapi? Kwenye kiti cha kaka. Sebuleni palikuwa na kiti kimoja kikubwa cha mbao ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Pacha aliwahi kukipanda, akashushwa kwa teke. Wifi akakishonea mito mipya, wa kukalia na wa kuegemea, akajaza mifuko yake ndani na kuizungushia pamba. Jumamosi, kapu likishagawiwa, mume amerudi machinjioni na mimi niko kwenye shuka zangu, aliianika juani wadudu wasiingie, akaongeza mfuko mmoja na kushona upya. Kaka aliisifu sana mito ile. Alisema ya zamani ilikuwa inazama na kumuumiza kiuno, hii inambeba. Mtu aliyepima kila kitu kwa mkono alikaa kila jioni juu ya safari ya mkewe na hakujua.

Wiki kumi na moja zilipita hivyo. Mwanzoni wifi alijinyima mwenyewe, akasema tumbo linamsumbua. Kisha haikutosha, sahani zote zikaanza kupungua. Na mimi, mwenye mwili wangu na njaa yangu ya kukamua shuka, nikaona.

Jumapili moja jioni tulikuwa mezani. Kaka alikuwa mchangamfu, anasimulia ng'ombe aliyekata kamba machinjioni. Tulicheka. Nilitaka tuendelee kucheka, na kwenye nyumba ile kicheko kilikuwa adimu kuliko nyama. Nikainua sahani yangu juu nikaionyesha.

"Kaka, mkeo siku hizi anatulisha kwa dozi," nikasema. "Kijiko kimoja asubuhi, kijiko kimoja jioni. Bado tu kutuandikia cheti."

Meneja alicheka. Wifi hakucheka. Niliona uso wake umekufa, nikadhani kakasirika, nikajiandaa kumtania zaidi. Kaka aliweka kijiko chini. Akainuka, akaenda jikoni.

Ukutani kulikuwa na mifuko mitano, ya Jumatatu hadi Ijumaa. Aliushusha wa Jumatatu, akaunyanyua kwa mkono mmoja, akautikisa kidogo. Akaurudisha. Akashusha wa Jumanne. Aliifikia yote mitano, taratibu, na mimi nilikuwa bado natabasamu.

"Kila mmoja umepungua robo kilo," akasema. "Hata punje ya kubishania hakuna. Robo, robo, robo. Nani unamlisha, mama watoto?"

"Panya," wifi akasema.

"Panya anayefungua kamba na kuifunga?"

Akarudi mezani, na kofi la kwanza lilimtoa wifi kwenye kiti. Alipoanguka alijikunja na kufunika kichwa, kwa mazoea, na kaka akaanza na mateke. Alipiga mbavu. Alipiga palepale mara tatu, na mara ya tatu nilisikia kitu kimekatika, sauti ndogo tu. "Mwanamume gani? Sema jina!" Wifi alisema panya. Alimkanyaga vidole vya mkono wa kushoto na kuvisaga kwa kisigino. Panya, wifi akasema. Damu ilikuwa inamtoka puani na kuingia kinywani, na neno lilitoka na mapovu. Meneja alimrukia baba yake akamng'ata mguu, akanasa kama chawa. Kaka alimshika nywele, akambandua na kumrusha. Kichwa cha mtoto kiligonga fremu ya mlango. Pacha walikuwa chini ya meza, wameshikana, hawalii. Watoto wa nyumba ile walijua kwamba kilio kinaita kipigo.

Mimi nilikuwa nimesimama na sahani yangu mkononi. Sikuiweka chini. Nimekaa miaka nikijiuliza kwa nini sikuiweka chini.

Angesema tu. Angeelekeza kidole kwenye kiti, mateke yangekoma, au yangegeuka kitu kingine. Hakukitazama kiti hata mara moja. Kaka alipochoka, alijibwaga palepale kwenye kiti chake, juu ya mito, akihema na kujipangusa jasho kwa ukosi wa shati.

"Angalau kitu kimoja kwenye nyumba hii kimeshonwa vizuri," akasema, akipigapiga mto. Akaniagiza nimletee sahani yake aliyoiacha, na nikamletea.

Kazi ya machinjio huanza mapema. Saa kumi alfajiri mlango ulifungwa nyuma yake. Sikuwa nimelala. Nilimsikia wifi akiniita kwa sauti ndogo kutoka sebuleni, nikamkuta ameketi sakafuni, ameegemea kile kiti, uso umevimba mpaka ni mtu mwingine.

"Lete mkasi, wifi," akaniambia. "Mkono mmoja hauwezi."

Nilifikiri amerukwa na akili, anataka kuchanachana kiti kwa hasira. Nilikata uzi pale aliponionyesha. Pamba ikatoka, kisha mfuko, kisha mwingine. Niliipanga sakafuni. Ilikuwa kumi na moja. Ndipo aliponieleza yale niliyokwisha kuyaeleza: mwenzake, cherehani, wiki mbili. Lori la vitambaa linaloshusha mzigo karakanani lilirudi mji ule kila Jumatatu saa mbili, na dereva, ambaye sare za wanawe zilishonwa bure, alishakubali zamani.

"Zilitakiwa kumi na nne," akasema. "Bado Jumamosi tatu. Lakini sasa atapekua nyumba nzima. Leo jioni lazima apekue. Naondoka na hizihizi."

"Na zile siku tatu?"

Akaanza kuivuta mifuko karibu naye kwa mkono mmoja.

"Zile siku tatu ndizo zitakazokurudisha," nikamwambia, na nikajichukia kwa kulisema.

"Najua," akasema. "Mguu wa kukanyagia cherehani mzima, mkono wa kulia mzima. Nitashona haraka."

Cherehani haiendi haraka kuliko siku ya malipo, hilo alilijua kuliko mimi. Nikafungua mfuko wa kwanza, kwa kisingizio cha kuangalia wadudu, ili nisimtazame usoni. Mchele ulimiminika kwenye ungo, na vifungo vikaanguka. Cheupe. Chekundu. Viwili vya bluu. Nikapekua kutafuta cheusi, hakikuwepo. Halafu kikatokea cha kijani.

Nikafungua wa pili. Cha kijani. Wa tatu. Cha kijani.

"Hiki cha nani?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Wewe ulifikiri nitakuacha humu?"

"Hata baada ya jana?"

"Jana ulikuwa umeshahesabiwa," akasema wifi.

Nililia vibaya, kwa sauti, mpaka Meneja akatoka chumbani na kitambaa chenye damu kichwani akaniambia ninyamaze, majirani wataamka. Wiki kumi na moja yule mwanamke alitoa konzi kwenye sahani yangu ili aniwekee sahani nyingine mahali pasipo na mateke. Nami niliinyanyua sahani hiyo mezani nikamcheka.

Kazi yangu ni kuhesabu. Shuka ngapi zimetoka, vyumba vingapi, vitanda vingapi, usipojua kuhesabu unakatwa. Nilikaa sakafuni nikahesabu. Mifuko kumi na moja ya watu watano ni sahani hamsini na tano. Watu wanne kwa siku kumi na nne ni sahani hamsini na sita. Nilirudia mara mbili. Ilipungua sahani moja tu, na hiyo nilijua nani atajinyima.

Nikaanza kutoa vya kijani. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wifi alipoelewa, alinishika mkono kwa ule wake mzima, akaukaza.

"Atakuua, wifi. Acha."

"Kwa mwili huu?" nikamwambia. "Mpaka aumalize wote, nyinyi mtakuwa mmeshapokea mshahara wa pili."

Hakucheka, na mimi sikutaka acheke. Nilimweleza jambo ambalo nilikuwa na uhakika nalo, kwa sababu namjua kaka yangu tangu utoto. Akikuta nyumba tupu, atatafuta. Atakwenda karakanani, atamkaba dereva, atafika. Akikuta jiko linawaka na mtu anapika, atakaa asubiri, kwa kuwa anaamini njaa itamfanyia kazi. Lazima mtu abaki awashe moto. Wifi alinitazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka. Kisha akaniachia mkono.

Tulifunga mifuko kwenye shuka mbili. Meneja, kichwa kimefungwa, alisimama mlangoni akanipa maelekezo yake ya mwisho.

"Shangazi, leo ni mfuko wa Jumatatu. Usiguse wa Jumanne."

"Sawa, Meneja."

"Na utoe vifungo vyetu uweke kwenye kiberiti. Usipike ukamwaga."

Wakaondoka. Nilijaza mito kwa matambara na viraka, nikashona kwa mishono yangu mibovu. Kisha nikafanya alichosema yule mtoto. Mifuko mitano ya watu sita ni sahani thelathini. Watu wawili, siku kumi na tano. Nikaigawa upya.

Kaka alirudi saa tisa mchana. Aliona sahani mbili mezani, akaona viatu vya watoto havipo. Akaenda kukaa. Kiti kikammeza. Aliinuka polepole, akauchomoa mto wa kukalia, akaunyanyua kwa mkono mmoja na kuupima, kisha ule wa kuegemea.

"Kilo kumi na tisa," akasema. "Nimekalia kilo kumi na tisa." Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia. "Nawe ulijua?"

"Nimejua leo."

"Wamekwenda wapi?"

Nilimwonyesha sahani yake mezani. Alinipiga ngumi ya mdomo. Meno mawili yalitoka, moja nililimeza. Nilirudi nyuma mpaka jikoni, na aliponishika shingo akanibandika ukutani, misumari ya wifi ilinichoma mgongoni, na mkono wangu ukapapasa kwenye pipa la pembeni ukakutana na mchi. Nimesema mikono yangu inakamua shuka mia kwa siku. Si mikono ya mapambo. Nilimpiga begani, akaniachia. Akarudi na mkono wa kulia umeinuka, ule wa kupimia, na mimi sikulenga kichwa. Nililenga ule. Nilisikia kifundo kikivunjika, na nilipiga tena kikiwa kimeshavunjika, na mara ya tatu, nikihesabu mbavu za wifi. Alianguka magoti akalia kama mtoto. Nilimwambia asilie, kilio kinaita.

Hospitali aliwaambia ameteleza machinjioni. Walimfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Hakunigusa tena. Mchi nililala nao kitandani, naye alijua. Machinjioni walimpa likizo isiyo na kitu, kwa hiyo Jumamosi hapakuwa na kapu. Alikaa mlangoni kutwa, kwenye kiti kilichozama, akitazama barabara.

"Njaa itawarudisha," alisema siku ya kwanza. Siku ya tatu alinyoa ndevu kwa mkono wa kushoto na kuvaa shati safi. Hawakuja. Siku ya saba alisema wanaona aibu tu. Siku ya kumi na moja niliogopa mimi, kwa sababu hapo ndipo mifuko ya wifi ingekwisha kama nisingevitoa vifungo vyangu. Nilisikiliza kila hatua iliyopita nje. Siku ya kumi na nne ilipita na jua lake lote, na mlango haukugongwa.

Siku ya kumi na tano nilishusha mfuko wa mwisho. Nilipika vyote vilivyokuwemo, nikapakua sahani mbili, yangu nikaila nikiwa nimesimama, nikaiosha na kuifunika. Yake nikampelekea. Sanduku langu lilikuwa tayari karibu na mlango. Hakuliona. Alikuwa anatazama jikoni, kwenye ukuta, misumari saba bila mfuko hata mmoja.

"Kesho tutakula nini?" akauliza.

Miaka yote ile nilikuwa sijamsikia akiuliza hivyo. Nilikitoa kifungo cheusi mfukoni, nikakiweka kando ya sahani yake, nikabeba sanduku langu nikatoka.